Nta ya Upande wa Pili wa Ukuta

Baba,

Nimeandika neno hilo moja, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchota maji ambayo hayahitajiki. Sasa nimerudi. Aibu gani hii, jamani. Mtu mzima, mama Tupo, mwenye binti anayekaribia kuolewa, naikimbia karatasi.

Tangu mwanao Lusajo aliponioa na kunileta hapa kwenu sijawahi kukwambia neno hata moja. Si shikamoo, si karibu chakula, si pole ulipougua. Nawe hukuwahi kuniambia. Tumeishi uwanja mmoja na kula kutoka jiko moja, lakini mtu akiniuliza leo macho yako yalikuwaje, sina jibu. Najua miguu yako, kwa sababu mimi nilikuwa natazama chini. Najua kidole gumba chako cha kushoto kisichokuwa na ukucha. Najua kile kikohozi chako cha kubisha, ulichokitoa ukifika kwenye kona ya nyumba ili nipate nafasi ya kukimbilia jikoni.

Wengine wameshaacha mambo haya. Kyela mjini wakamwana wanakaa sebule moja na wakwe zao, wanaangalia mpira, wanapiga picha wameshikana mabega. Mchungaji mwenyewe alisema kukaa meza moja si dhambi. Lakini nyumba yenu ilishika ukutila, mkamwana asikutane na baba mkwe wala asitaje jina lake, na mimi nikashika, kwa sababu mama yangu kule Ndandalo alinionya kabla sijaolewa: usije ukatuaibisha. Basi sikuwaaibisha. Nimengoja mpaka umekufa ndipo nakuita wewe, wewe, kama mtu wa rika langu. Jina lako hata hapa siliandiki. Nisamehe kwa hayo mengine. Kuna habari ya nta ambayo lazima uijue, na imeninyima raha.

Nianze na msiba. Watu walijaa. Wavuvi wa Lyulilo walikuja na mitumbwi yao, na Mama, mkeo, alikaa kwenye mkeka akiwa mtulivu kuliko sisi wote. Wakati wa kukuaga tulipita kwenye jeneza mmoja mmoja. Mimi nilipita nimeinamisha kichwa, kitenge kimenifunika hadi puani, nikaona ubao na misumari basi. Mashangazi wakasema nimefanya vyema. Nikarudi jikoni, nikakuta wanamnyonyoa jogoo wako.

Yule mweupe, Baba. Mwenye manyoya marefu ya shingo, uliyemlea kama afisa. Wageni walikuwa wengi, kitoweo kimepungua, na hakuna aliyeuliza. Nililia pale! Nilikaa kwenye majivu nikalia kwa sauti, wanawake wakanishika mabega, wakaambiana kwamba huyu mkamwana alimpenda mkwe wake kweli. Na mimi nilikuwa namlilia jogoo. Wewe nilikuwa sijakulilia bado, sikujua hata pa kuanzia. Nilipokea pole zao zote huku uso unaniwaka. Ningewaambia nini? Kwamba huyo mnayemtia chumvi ndiye tuliyekuwa tunaongea kupitia kwake?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Sijui kama unaikumbuka siku ya kwanza. Nilikuwa nachagua mchele nyuma ya kibanda chako cha mianzi, upande wa kivuli, na wewe uko ndani unafunga ndoano zako za manyoya. Kazi hiyo niliijua kwa masikio tu. Mkasi ukikata, uzi ukikwaruza, wewe ukipuliza manyoya yaliyokushika kwenye ndevu na kulalamika. Mianzi ina nyufa, lakini sikuwahi kuchungulia, Mungu ananiona. Sasa siku hiyo ndoano moja iliyofumuka ilikuwa imetupwa nje na takataka. Nikaiokota. Nikaifumua yote, nikaona uzi ulivyozungushwa na manyoya yalivyolazwa mgongoni mwa chuma, ili mtumbwi ukiikokota majini mbasa aione kama usipa, dagaa wa ziwa letu, anayekimbia. Nikaifunga upya kwa uzi wa kushonea. Kisha nikaiweka kwenye kile kigae cha chungu kilichokuwa dirishani kwako, nikakimbia kama mwizi wa kuku.

Kesho yake nikasikia sauti yako. Hukuwa unaongea na mimi, haikuwezekana. Ulikuwa unaongea na jogoo. "Wewe jogoo," ulisema, "nani kafunga hii? Kafunga vizuri, ila mkia mrefu mno. Mbasa atauma mkia aende zake." Jogoo akajibu kwa namna yake. Mimi huku nje nimeziba mdomo kwa kanga, mchele wote umemwagika.

Toka siku hiyo jogoo akawa msomi. Ulimwambia uzi uvutwe kwa kidole cha kati, si kwa ngumi. Ulimwambia manyoya ya shingo ndiyo yanayocheza majini, ya mkia ni magumu kama fagio. Akikosea, yaani mimi nikikosea, ulimfokea maskini ya Mungu mpaka Mama anauliza ndege wa watu kakukosea nini. Ulimsimulia hata ulivyojifunza kazi hii Karonga ujanani, kwa mzungu mmoja mzee aliyewavua mbasa kwa raha tu na kuwarudisha ziwani, jambo ambalo ulisema hukulielewa mpaka kesho. Na kwenye kigae nikawa nakuta ndoano tupu, manyoya, uzi, na donge la nta ya kupaka uzi. Nikishafunga naziweka hapohapo. Wewe unazipeleka Lyulilo pamoja na zako, na hakuna mvuvi aliyejua zipi za nani. Lusajo alijua nasaidiasaidia. Ni nyingi kiasi gani, hakujua.

Nta ndiyo jambo pekee ambalo jogoo hakuambiwa.

Na najua kwa nini, nimewaza sana. Kufunga unafunga ndani, ukuta upo katikati, kila mtu na upande wake. Lakini nta inayeyushwa motoni, na moto uko uwanjani. Wewe ukiwa uwanjani mimi sina ruhusa ya kuwepo. Kwa hiyo ulingoja niende mashineni kukoboa mpunga, au mazoezi ya kwaya, ndipo unapika. Nikirudi nakuta majivu ya moto na harufu tu. Haikunisumbua. Nilijua nta itakuwepo kwenye kigae kama maji yanavyokuwepo mtoni. Ningeiulizia kwa nani?

Ulipofariki nilibaki na kipande kama punje ya hindi. Nikakitumia kwa ubahili mpaka kikaisha.

Sasa sikia aibu yenyewe. Matanga yalipokwisha, Ambakisye wa Lyulilo, yule mvuvi uliyekuwa ukimwita mkorofi wangu, akamfuata Lusajo. Mvua zinakaribia, akasema, mbasa watajikusanya mdomoni mwa Mto Mbaka, je, Mzee ameacha ndoano? Na Lusajo, mwanao ninayempenda lakini mdomo hauna kufuli, akamjibu zipo nyingi kibandani. Zilikuwa chache tu. Zilizokuwepo zilikwisha siku ileile. Basi nikakaa nikafunga mimi, na uzi nikaupaka mshumaa.

Usinicheke. Mshumaa ni nta, nilijiambia. Nilipoupitisha uzi kwenye mshumaa ulikuwa laini, wa kupendeza, nikaona nimeweza. Sikujua kwamba ulaini ndiyo ubaya wenyewe. Yako ilikuwa inashika. Uzi ukigusa chuma ulikuwa unang'ang'ania, hata ukiuachia haurudi nyuma. Wa mshumaa unateleza tu. Nikaukaza kwa nguvu, nikafunga fundo la mwisho, nikampa Lusajo akapeleka.

Siku ya soko nilikuwa Lyulilo na Mama, tumepanga vyungu vyake mchangani, wanunuzi wa Ikolo wamekuja wengi. Ambakisye akapanda kutoka majini, suruali imeloa mpaka magotini, kiganja amekifumbua mbele yake kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka. Ndoano zangu. Vyuma vitupu, na nyuzi zinaning'inia. "Mama Tupo," akasema, kwa ile sauti yake ya kuitia watu walioko ziwani, "hizi ni za Mzee kweli? Mbasa hata hajagusa. Maji tu yamezivua nguo!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nilitamani nijifunike chungu kikubwa kuliko vyote. Lakini hiyo haikuwa mbaya, Baba, kuchekwa nimezoea. Mbaya ni mzee mmoja aliyekuwa anapima chungu kwa kukigonga, akasema taratibu bila hata kugeuka: basi marehemu alishachoka, mikono yake ilikufa kabla yake. Na wengine wakaitikia. Ndiyo, wakasema, mwishoni alikuwa anafunga hovyo, tulisitiri tu kwa heshima. Wewe! Wewe uliyekuwa unafumua ndoano nzima kwa unyoya mmoja uliolala vibaya!

Na mimi nilinyamaza. Kusema ni mimi niliyefunga ilikuwa ni kusema mengine yote. Kwamba mkamwana alikuwa anashika vitu vya baba mkwe. Kwamba alikuwa anakaa nyuma ya kibanda chake miaka yote ile akimsikiliza. Unawajua watu wa Lyulilo. Wangelitafuna jambo hilo mpaka mifupa, na Mama amekaa pale pale. Kwa hiyo nilimwambia Ambakisye nitauliza nyumbani. Nimuulize nani? Nilirudi nimebeba vyungu vilivyobaki, na jina lako nimeliacha kule mchangani likikanyagwa.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nikaapa nitaitafuta nta yako hata kama iko chini ya ziwa. Maana nikifunga ndoano zinazoshika, watu watajua mikono yako haikufa. Nilikuwa na pua yangu tu. Kipande chako nilikishika miaka mingi, na nilijua kina nta ya nyuki na kina utomvu wa mti wa paini, ile harufu ya mbao mpya. Chini ya hizo kulikuwa na kitu cha tatu, chenye moshi kidogo, nilichokijua kabisa lakini jina lake halikuja. Kama mtu unayekutana naye gulioni anakusalimu kwa furaha na wewe hujui ni nani.

Nta ya nyuki nilipata kwa muuza asali. Utomvu niliagiza kwa yule mama anayeteremsha viazi kutoka Tukuyu, akaniletea kwenye kopo, umejaa sindano za majani na mchwa aliyekufa. Nikayeyusha vyote pamoja, kikapoa, nikapata donge zuri la rangi ya chai. Nilipopitisha uzi, likapukutika lote kama unga. Kavu mno. Nikajua kitu cha tatu ni cha kulainisha, ni mafuta. Lakini mafuta gani?

Ngoja nikuhesabie upuuzi wangu, maana mwenyewe ungecheka mpaka kikohozi. Nilijaribu mafuta ya taa, nyumba ikanuka mpaka Lusajo akahamia kwa jirani kula. Nilijaribu kiwi ya viatu, manyoya meupe yakawa meusi, sasa usipa gani mweusi vile? Nilijaribu ulimbo wa fenesi. Huo ulishika, Mungu wangu! Ulishika uzi, ukashika vidole, ukashika nywele za Tupo aliyekuja kunisaidia, na asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ndoano. Nilijaribu mafuta ya dukani, ya alizeti, na yale ya kujipaka yenye harufu ya waridi. Yote yalifanya nta iwe uji kwa joto letu hili. Mvua za kwanza zikanyesha milimani, mto ukaanza kubadilika rangi, na mimi bado nanuka fenesi.

Mafuta ya aina moja tu sikuyajaribu. Ni yangu mwenyewe.

Hapa ndipo aibu inapokaa, Baba, na ni vigumu kuandika. Unajua kila nilipotoka kwetu Ndandalo nililetea nyumba yenu chupa ya mafuta ya kokwa za michikichi. Nilizikaanga mwenyewe, nikazitwanga, nikachemsha na majani ya mchaichai kama bibi yangu alivyofanya ili yasivunde. Nikimpa Mama mchele, shukrani ilikuja: baba amesema ndaga. Nikileta ndizi: baba amesema ndaga. Mafuta, kimya. Chupa inarudi imeoshwa, na Mama anapikia ya dukani. Hata mara moja sikuyasikia kwenye mchuzi wa nyumba hii. Nikajua hamyapendi. Nikajua unayaona ya kishamba, yana moshi, au mikono yangu ni michafu. Mara nyingine nikarudia kuyachuja kwa kitambaa, mara nyingine nikaongeza mchaichai, na chupa ikarudi vilevile bila neno. Mwanamke kukataliwa mafuta na wakwe zake si jambo dogo. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuleta kwa sababu kuacha kungekuwa kama kununa, na ulipokufa niliacha. Niliona heri nikome kujiaibisha.

Kwa hiyo mafuta yote yaliyopo Kyela niliyajaribu kwenye nta yako, na chupa yangu ya mwisho iko juu ya kabati inanitazama.

Kilichonifungua macho ni kijungu. Mama aliingia kibandani kufagia, akatoka na kile kijungu chako cheusi, alichokufinyangia mwenyewe mlipooana. Akasema ni kizuri bado, atakipikia maharage, ila kwanza akipitishe motoni. Akakiweka jikoni kitupu. Unajua udongo unavyonyonya kila kinachopikwa ndani yake. Kilipopata moto kikaanza kutoa jasho, matone madogo ya rangi ya chai yakateremka pembeni yakilia motoni, na harufu ikajaa jiko zima. Nta. Paini. Na mchaichai.

Mchaichai, Baba!

Nilisimama na mwiko mkononi. Hakuna mwanamke mwingine uwanjani hapa anayeweka mchaichai kwenye mafuta. Nikamuuliza Mama: yale mafuta yangu, mlikuwa mnayapeleka wapi? Mama akanishangaa. "Si nilikuwa nampa Baba yako. Aliniambia ya Mama Tupo nisipikie, yote nimpe yeye. Mimi nikajua anapaka magoti." Nikamuuliza, sasa mbona hakusema hata ndaga? Akakigeuza kijungu kwa kijiti. "Angesemaje, mwanangu? Mwanamume mzima aseme nashukuru kwa mafuta ya mkamwana wangu? Watu wangeelewaje? Aliona haya."

Uliona haya. Na wewe pia! Miaka yote mimi naona haya upande huu wa ukuta, na wewe unaona haya upande ule, na chupa inakwenda na kurudi katikati.

Nilitoka nje nikakaa pale pangu, nyuma ya kibanda. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulitia maanani hata siku moja. Donge jipya, lile kubwa, halikuja ovyoovyo. Lilikuja nikishatoka Ndandalo. Narudi na chupa, nampa Mama, naenda mashineni, na baada ya muda kidogo naikuta nta mpya kwenye kigae, imeviringwa vizuri, imefungwa kwa jani la mgomba. Nilidhani ni ya kazi. Mtu mjinga mimi. Ilikuwa ndiyo ndaga yenyewe, na mimi naipitisha kwenye uzi bila kujua nimeambiwa kitu.

Hapo ndipo nilipokulilia wewe, Baba. Si jogoo. Wewe.

Sasa nikuambie kazi ilivyokwenda. Nilipika nta kwenye kijungu hichohicho, Mama akasamehe maharage yake. Niliweka nta ya nyuki nyingi, utomvu kiasi, na mafuta yangu kidogo kidogo, nadondosha kwenye maji baridi na kubonyeza, mpaka likapatikana donge linaloacha alama ya kidole bila kushika kidole. Nilipopitisha uzi nikausikia ule mkwaruzo niliousikia miaka yote nikiwa nje. Nikafunga ndoano, nikazilowesha kwenye ndoo mchana kutwa, nikazivuta kwa meno. Hazikusogea. Lusajo akampelekea Ambakisye, akamwambia ni za Mzee, kama kawaida yake.

Siku ya soko iliyofuata mvuvi wako mkorofi akapanda tena kutoka majini, kiganja wazi vilevile. Lakini safari hii alikuwa ameshika ndoano iliyotafunwa, manyoya yamebaki mabua, alama za meno ya mbasa zimeonekana kila mahali, na uzi umekaa palepale nilipouweka. Nyuma yake wanashusha samaki. "Hizi ndizo," akapaza sauti. "Hizi ndizo za Mzee! Zile nyingine alizifunga akiwa ameshalemewa, masikini."

Watu wakaitikia tena. Wangefurahi kuishia hapo, na mimi ningerudi nyumbani salama. Jina lako lingepona nusu. Nikaangalia mchanga. Nikaona kama naona mguu wako, na kile kidole kisicho na ukucha.

Nikasema: "Zile mbovu nilifunga mimi. Na hizi nimefunga mimi. Mzee hakufunga ndoano mbovu hata moja maishani mwake."

Shingo zote zikanigeukia, Baba. Mashavu yalikuwa yanaungua, sikuthubutu kumtazama Mama. Ambakisye akakuna kichwa. Akauliza lile swali nililoliogopa, mbele ya wote: sasa wewe ni mkamwana, alikufundishaje, na ukutila iko wapi?

Nikamjibu ukweli. "Hakunifundisha mimi. Alimfundisha jogoo."

Aliyeanza kucheka ni Mama. Alicheka mpaka akashika chungu kisianguke, kwa sababu ndipo alipoelewa kwa nini ulikuwa unamgombeza yule ndege kila siku. Halafu soko zima. Yule mzee wa kugonga vyungu alikuja baadaye akasimama karibu yangu, akasema hakujua, na mikono ya Mzee ataisemea vizuri sasa. Nikamwambia asiniambie mimi, aseme pale alipoyasema yale ya kwanza. Akaenda akayasema. Bado naona haya kwa kunyamaza kwangu siku ile, wiki hizo zote watu wanakusengenya na mimi ninayo kweli mdomoni. Hilo sitalifuta. Lakini sasa umejua.

Mama ananiambia niingie kibandani, nikae kwenye kigoda chako, kuna mwanga. Amening'iniza na picha yako humo. Nimefika mlangoni mara nyingi, na miguu inakataa. Niache tu, Baba. Nimekaa upande wangu wa ukuta, ndiko mikono yangu ilikojifunzia, na kigae nimekirudisha dirishani. Nitaendelea kuleta mafuta kutoka Ndandalo, na kila nikipika nta, donge la kwanza nitaliviringa kwenye jani la mgomba na kuliweka hapo. Hakuna ndoano itakayotoka uwanjani hapa na kuvuliwa nguo majini. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ni ya mtu ambaye ameshaaibika vya kutosha.

Kuna kijogoo kipya. Ni mweupe, ni wa uzao wa yule wako, shingo ndiyo kwanza inaota manyoya. Bado mshamba, hajui kitu, ila namfundisha. Yuko hapa miguuni pangu anadonoa karatasi. Nimekwambia wewe, wewe, kwa kurasa zote hizi, na haya imenijaa mpaka masikioni, siwezi zaidi. Neno la mwisho niruhusu nilipitishe njia yetu.

Wewe jogoo. Mwambie Baba, mkamwana wake anasema ndaga. Ndaga fijo. Na mwambie mkia nimeupunguza.

Mama Tupo